Bati la Mzee Marwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Tarime mjini, Mthamini Mkuu wa halmashauri alinisimamisha barabarani akaniambia nisiingie kwenye nyumba ya mtu kabla sijatazama juu. "Bati tunatoza," alisema. "Nyasi tunapita." Kazi yetu ilikuwa uthamini, yaani kukadiria thamani ya nyumba ili kodi ya majengo itokane na makadirio hayo. Nilipima kuta kwa futi kamba, nikagonga plasta kwa kidole, nikasalimia kwa Kikurya cha kubahatisha kilichowachekesha akina mama.

Baadaye nilihamishiwa Mugumu, chini ya Mthamini wa Wilaya, mtu mpole asiyepoteza neno. Masika moja tulifika Morotonga kwa Mzee Marwa. Aliyenitangulia kwenye nafasi yangu ndiye aliyemkadiria mwaka uliopita, na tangu hapo majirani walikuwa wakimwambia mzee kwamba nyumba yake itapigwa mnada kwa deni la kodi. Tulimkuta mlangoni, kifua mbele. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, madirisha ya vioo, na juu yake nyasi mpya. Alikuwa ameezua bati lote akaliuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tazama juu, mwanangu. Andika nyasi."

Ndani, maji yalidondoka kwenye sufuria. Mkewe, Mama Bhoke, alilala kwenye kona iliyobaki kavu, akikohoa.

"Mume wangu anawaogopa ninyi kuliko mvua," alituambia.

Nilimwuliza mzee umri wake. Kisha nikamweleza kwamba mzee wa umri huo, akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe, husamehewa kodi hata kama paa ni la bati. Angeleta kitambulisho tu.

Alitazama nyasi zake.

"Yule wa mwaka jana alijua?"

Mthamini wa Wilaya alijibu bila kuinua sauti. "Hukuuliza, mzee."

Mama Bhoke hakuumaliza msimu ule wa mvua. Mzee alibaki peke yake chini ya nyasi, katika nyumba isiyodaiwa kitu.

Sasa nimestaafu. Siku hizi kodi hukatwa mtu anaponunua umeme, na hakuna anayekuja kutazama paa. Juzi nilipeleka kitambulisho changu kwenye dirisha la ofisi ya kodi. Nilisamehewa siku ileile, kwa kuwa nilijua cha kuuliza. Jioni mvua ikanyesha juu ya bati langu, nikashindwa kukaa ndani.