Samaki wa Salimu

Kosa hili nimezeeka nalo, na sina wa kumsingizia.

Wakati wa vita, jirani yangu wa mtaa wa Buyenzi, Mama Salimu, aliniachia ufunguo akaenda Kigoma kumuuguza binti yake. Mwanawe Salimu alikuwa ameuawa kwenye barabara ya Musaga, akaacha samaki mmoja kwenye tangi la kioo.

"Mzee, maji ni ya ziwa tu. Kila Ijumaa toa ndoo moja, tia ndoo moja."

"Mi nimesoma, mama. Maji ndiyo yatanishinda?"

Ijumaa ya kwanza risasi zililia upande wa ziwani. Ya pili kulitulia, lakini nilishikwa na uvivu wa kwenda ziwani. Nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikajaza maji yetu ya kunywa, ambayo mtaa mzima tuliyatia javeli kwa hofu ya kipindupindu. Dawa inayoua vijidudu sikuifikiria kwa samaki. Maji yaling'aa, nikajisifu. Jioni samaki alielea tumbo juu.

Nikaenda kwa wavuvi, mwendo wa dakika kumi tu, nikarudi na mwingine mwenye mistari ileile.

Mama Salimu aliporudi, alitumbukiza kidole majini kabla hata ya kuvua mtandio. Yule wa zamani alizoea kuja kukinyonya. Huyu alikimbilia nyuma ya jiwe. Mama akazamisha mkono mpaka bangili zikalowa, akangoja.

"Huyu apana wa Salimu, mzee," alisema taratibu. "Ule wetu umemuzika wapi?"

Nilikuwa nimempa paka.