Mtini Niliompelekea Bi Zuwena

Jamani chekeni tu, mimi haya zilishaniisha, maana aibu yenyewe ilifika mtaani kwetu Makorora kabla hata sijavua baibui, na nisiposimulia mimi watawasimulia mashoga zangu, ambao wana mkono mzito wa chumvi.

Mdogo wangu Nassoro alimpenda Rahma wa Pongwe, na kwao Rahma mwenye neno la mwisho ni bibi yake, Bi Zuwena, wa familia yenye asili ya Omani, mtu mkali, na alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Tukakubaliana sisi wanawake twende kwanza tukamsalimie, tumlainishe, ndipo wazee wapeleke posa. Mama akasema tubebe halwa, yatosha. Mimi nikakataa (hapa ndipo nilipojiponza), kwani Rahma alituambia bibi yake alikuwa na mtini uani, ukakatwa walipochimba chemba ya choo, na mpaka leo akisikia sura ya Wattini inasomwa anafuta machozi.

"Mama, nitampandia mtini! Tini ya kwenye Kurani, atakataaje?"

Shangazi yangu wa Mwera akanikatia kijiti kwenye mtini wake, nikakichomeka kwenye kopo la maziwa lenye udongo, nikawa namwagilia asubuhi, mchana na jioni, na kopo lenyewe sikulitoboa hata tundu (nani alinifundisha? Hakuna). Mara nikaona majani! Mabichi, yanang'aa, nilipiga kelele jirani akadhani nimeona nyoka, nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la akina mama wa mtaa, nikaanza na darsa kabisa: "Mnaoanza kuotesha tini, nifuateni mimi, mkono wangu una baraka." Mimi huyu, ambaye hata mchicha ulinishinda!

Siku ikafika. Kopo nikalivika karatasi ya dhahabu na utepe, nikaliweka katikati ya sinia, halwa pembeni, nikajitwika mwenyewe huku mashoga zangu wanapiga vigelegele toka kona ya barabara mpaka mlangoni, na majirani wa Pongwe wote wametoka kutazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni." Akaliona kopo, uso ukamfunguka wote. "Mtini? Wallahi mtini?"

Akaniketisha ubavuni pake, nami kwa furaha nikaropoka, bila kuulizwa na mtu, "Umeshika kweli bibi, mizizi imejaa kopo zima!"

"Basi tuupande sasa hivi," akasema, na jembe likaletwa, shimo likachimbwa uani, wanawake tukalizunguka, vigelegele vikaanza upya. Bi Zuwena akasema Bismillahi, akakishika kijiti taratibu ili akitoe na udongo wake.

Kikachomoka chenyewe, chwap! Kitupu! Mzizi hata wa dawa hakuna, chini kimeoza cheusi, na maji ya kopo yakamwagikia leso yake mpya yakinuka kama mtaro. Vigelegele vikakatikia kooni.

Bi Zuwena akakigeuza chini juu, akaninyooshea.

"Mwanangu, kijiti hutoa majani kwa maji yake ya ndani tu. Ulikwisha kutazama chini?"

"Hapana, bibi."

"Na huyo kijana wenu, naye ni majani tu?"

Nilitamani shimo lile wanifukie mimi. Hapohapo akatoa hukumu: posa isiletwe mpaka mtini utoe mizizi, na aione kwa macho yake. Mama alinitangulia njia nzima, mimi nyuma na sinia langu, na Nassoro alipopata habari alikaa chini sakafuni.

Nikarudi Mwera kuomba kijiti kingine. Safari hii Nassoro alikichukua yeye, akakiweka kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, ameitoboa chini, ametia mchanga na udongo kidogo, kivulini, maji ya kunyunyiza tu, na mimi nikapigwa marufuku kusogea (nilishakamatwa nakichomoa nichungulie, naam). Majani yakatoka, tukajikaza, hatukusema kitu. Asubuhi moja nafagia, nimeinama, nikaona uzi mweupe umegusa ukuta wa chupa!

"Nassoro! Mizizi!"

Akatoka bafuni na povu kichwani, tukarukaruka uani kama watoto, na mama aliyeninunia muda wote ule akaja mbio akapiga kigelegele kilichoamsha mtaa.

Tulirudi Pongwe kimyakimya, bila sinia wala utepe. Bi Zuwena akaiinua chupa kwenye mwanga, akaizungusha, akaizungusha tena, roho yangu iko mkononi.

"Haya," akasema, "waambieni wazee waje."

Sasa Rahma ni wifi yangu, mtini umempita Bi Zuwena kiunoni, na mimi nimeapa sijitwiki tena kitu nisichokiona chini yake. Lile kundi la akina mama mpaka leo wananiita Mwalimu wa Majani, na nikiitwa naitika.