Aliyepangwa Ashindwe

Hadi leo nikisikia wasichana wakipiga makofi ya nzango, naondoka. Mchezo wenyewe hauna kosa. Mistari miwili husimama ikitazamana; wasichana huimba, huruka, kisha kila mmoja hutupa mguu mbele ya mwenzake. Upande mmoja hupata pointi miguu ikilingana, wa pili ikipishana. Basi. Uchafu waliuleta watu wazima.

Enzi za chama kimoja, mtaa wetu wa Kindu ulicheza na wasichana wa ng'ambo ya Lualaba, Jumapili tatu mfululizo. Washindi wangepanda treni kwenda Lubumbashi kucheza mbele ya wakubwa. Yaya, dada yangu mkubwa, hakuwahi kupanda treni hata ya kituo kimoja. Aliitaka safari ile kuliko chakula.

Timu ilikuwa mikononi mwa mke wa mkubwa wa chama mtaani. Tulimwita Mama Prezidenti. Mjanja alikuwa, siwezi kumnyima hilo. Mwenyeji hupanga mstari wake baada ya mgeni, kwa hiyo michezo yote aliilazimisha ichezwe kwetu. Aliwatazama wageni wamejipanga, ndipo akaamua nani asimame mbele ya nani. Wale walikuwa na msichana mmoja mrefu, hakuna aliyemweza. Binti yake Mama Prezidenti akapewa kasichana kao kadhaifu, kalikojikwaa kenyewe. Yaya akapewa yule mrefu.

"Weye simama pale tu," akamwambia. "Ukishindwa, haina mambo. Wengine njo watashinda."

Na Yaya hakuwa mbovu! Mazoezini alimshinda yule binti kila walipokutana. Ila baba yetu alikuwa mpakuzi wa mizigo tu pale stesheni, na mbuzi wa kafara hachukuliwi zizini mwa mkubwa.

Jumapili zote tatu Yaya alishindwa. Watu walimzomea, hata wa mtaa wetu, huku wenzake wakiokota pointi kwa wale wadhaifu. Hesabu ya Mama Prezidenti ikakubali, tukashinda. Hapo hapo uwanjani akawataja watakaosafiri, binti yake wa kwanza. Yaya hakutajwa.

"Mama, na miye?"

"Weye ulishinda nani? Treni haibebe wenye kushindwa."

Wakacheka. Waliocheka zaidi ni wale wale aliowabebea mzigo. Asante ya punda mateke, wanasema, lakini punda angalau hacheki.

Wakaenda, wakarudi wamechapwa vibaya. Huko wao ndio walikuwa wageni, wenyeji wakapanga baada yao, na kila aliyewekewa hodari alikataa kusimama mbele yake. Haikupita wiki, Mama Prezidenti akaja kwetu, amejifunga kitenge kipya chenye picha ya rais.

"Mutoto wenu alitukosekana sana," akamwambia mama yetu. "Mara ingine atasimama tena pale pake."

"Na treni atapanda?" nikauliza.

Akamnyooshea mama mkono. Nilitamani mama amfukuze, amwagie hata maji ya vyombo. Mama akampokea mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

"Aksanti, Mama Prezidenti. Aksanti sana kwa kumukumbuka."

Kisha akamwagiza Yaya kiti. Yaya akakileta, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake, akamwekea.