Mzungu Aliyetoza Boma Zima

Nilipokuwa mtoto, kule nyuma ya Kitengela, hakuna aliyenishinda kwa manati, na anayebisha aje tupimane. Lakini kaburi la DC, yule mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, hata mimi nililizunguka kwa mbali.

Lilikuwa rundo la mawe pembeni mwa shamba letu. Habari zake tulipewa na jirani yetu Mmaasai, bibi mzee tuliyemwita Koko Nashipae, ambaye baba mkwe wake alikuwa askari wa huyo mzungu. Kabla ya kuletwa Kajiado, mzungu alitawala Wapashtuni, watu wa milima ya mpakani, kati ya India na Afganistani. Lugha yao ilimwingia sana, hata homa ilipompanda huku kwetu aliweweseka kwayo. Ati aliwapenda. Mmoja wao akimpiga risasi askari wake, alichoma kijiji kizima na kuswaga mbuzi wote. Mapenzi hayo hayo akatuletea huku: mtu mmoja akiiba, boma zima linatoa ng'ombe.

"Hata chini ya mawe hajaacha," Koko alituonya. "Gusa jiwe lake uone. Atatoza watu wote."

Baba yangu, mtu wa Murang'a mwenye kichwa kigumu kuliko hayo mawe, alicheka. Alikuwa anatafuta mawe ya msingi wa zizi, akayasomba yote kwa mkokoteni.

"Amelala bure kwa shamba yangu miaka yote," alisema. "Wacha afanye kazi."

Mvua zilipoisha, ng'ombe wa majirani wakaanza kufa, povu likiwatoka puani. Wetu, Njata, alisimama zizini akicheua, mnono, bila aibu yoyote. Mama alikuwa amekaukiwa maziwa, na dada yangu mchanga, Njeri, aliishi kwa maziwa ya huyo Njata.

Majirani walikuja asubuhi baada ya kanisa, Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai pamoja. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kabila. Mbele alikuwa Mutua, aliyekuwa amezika ng'ombe wake wote.

"Baba Njeri, mzungu anadai."

"Basi anidai mimi. Niko hapa. Mtoto anywe nini?"

"Si huyo mzungu alikuwa anatoza nyumba nzima? Sisi tunafuata yake tu."

Koko alipenya kati yao kwa fimbo yake. "Nilisema ni mzungu anatoza. Nilisema ni nyinyi?"

"Koko, rudi nyumbani. Tutakuletea ini."

Wakacheka, wakafungua kamba zizini. Njata alichinjiwa pale pale mawe yalipokuwa, ati mzungu anuse damu. Sisi tuliachiwa kwato.

Ng'ombe wao waliendelea kufa. Ilikuwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, na josho la kuogeshea ng'ombe halikuwa na dawa. Baba alikuwa akimnyunyizia Njata dawa ya kupe kwa bomba la mkono. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini hilo nalijua.

Njeri alilelewa kwa uji mwepesi na maji ya sukari. Leo ni msichana mkubwa mwenye matege. Namtania kwamba mbuzi anaweza kupita katikati ya miguu yake bila kumgusa, naye hunirushia chochote kilicho karibu. Mutua bado tunasalimiana naye dukani.

Tangu hapo nalipita kaburi lile bila wasiwasi. Sijawahi kuona mfu akishika kamba. Waliomfungua Njata niliwajua wote kwa majina, na mmoja wao alinipapasa kichwa akipita.