Kimio cha Binti wa Fundi Cherehani

Kazi yangu ni kuwasaidia watoto kusema. Nikiwaeleza watu hivyo hucheka, eti hata kasuku nitamfundisha. Nacheka nao, maana kulia kila siku kunachosha. Nazunguka shule kadhaa za Kigali, na mwaka juzi, katika shule moja ya Kimisagara, nilipewa binti wa miaka sita, mtoto wa mama fundi cherehani. Alisikia vizuri, alielewa kila kitu, ila neno halikumtoka. Mwalimu mkuu alishakata shauri: asipoitika jina lake darasani shule zikifunguliwa, nafasi yake atapewa mwingine.

Kila wiki tulikaa pembeni mwa maktaba na kioo changu. Tulipuliza vipande vya karatasi, tukatoleana ndimi kama watovu wa adabu. Likizo ilipokaribia akajitazama kiooni, akasema, "Mama." Nilimkimbilia mama yake pale anaposhonea nikampasha habari, na sote wawili tukalia kama tuliofiwa.

Shule zilipofunguliwa, mtoto aliletwa na mama yake amefungwa kitambaa shingoni, mwili wa moto. Nilipotoa kioo alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nilimupeleka kwa muzee muganga, akamukata kirimi," mama yake alisema, akijaribu kutabasamu. "Watu wanasema ndiyo iko inafunga maneno. Wewe mwarimu ulishaanza, nikasema na mimi nisaidie."

Kirimi ndicho kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na chake hakikuwa na kosa lolote. Lakini kwetu hukatwa kwa kikohozi, kwa kutapika, kwa chochote kile. Nilitaka kumfokea mama yule mpaka majirani wasikie. Badala yake nikambeba mtoto tukaenda kituo cha afya.

Homa ilishuka, kidonda kikapona. Mdomo ndio haukufunguka. Hata uji alikunywa akiwa amenipa mgongo.

Mwalimu mkuu alitungojea wiki moja zaidi, kisha akaingia darasani na kuita jina lake. Mama yake alikuwa amesimama dirishani.

"Itika, mwanangu," alimnong'oneza.

Mtoto alisimama. Alibana midomo hadi ikapauka, macho yamemtoka, akimtazama mama yake kwa woga. Mwalimu mkuu alisubiri, tena kwa uungwana kabisa. Halafu akaita jina la mtoto aliyekuwa akingoja nafasi mlangoni, naye akaitika.