Ng'ombe Aliyeungua Pamoja Nami

Watu wakiniuliza kuhusu sikio langu la kushoto, huwaambia niliungua na maji moto. Ni uongo, lakini unaisha haraka, na uzee umenipunguzia hamu ya kueleza ukweli mrefu kwa watu wanaotazama saa.

Miaka ile nilikuwa mkamuaji kwenye shamba la Kaburu mmoja, nje ya Eldoret, upande wa kwenda Turbo. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi nikiwa kijana bila mke, na kipande changu, kile cheti cha kazi cha serikali, kikining'inia shingoni. Tuliishi kwenye laini ya vibanda vya udongo karibu na zizi. Jirani yangu alikuwa mkamuaji pia, mtu wa kwetu, ingawa hatukuwa na ukoo. Nilimwita ndugu. Tulipika ugali wetu katika sufuria moja, tukala kutoka hiyo hiyo, na kila jioni alinishtaki kwamba matonge yangu ni makubwa kuliko yake. Ilikuwa kweli.

Siku ile mvua ilinyesha mchana ikakatika kabla ya ukamuaji wa pili. Ng'ombe mmoja mwekundu, aliyekuwa amezaa majuzi, hakurudi na wenzake. Alikuwa na tabia ya kumficha ndama kwenye majani marefu kando ya kinamasi, na kazi ya kumtafuta ilikuwa yangu. Nikachukua ndoo, nikijua atagoma kurudi na nitalazimika kumkamua huko huko. Nilimtukana njia nzima.

Nilimkuta amesimama wima, masikio mbele, akitazama kinamasi. Nilimpiga kofi kiunoni asogee. Hakusogea. Ndipo nikagundua vyura wamenyamaza, na meno yangu yanatetemeka ingawa sikusikia baridi.

Kilikuwa juu ya kinamasi, karibu na majani, umbali ambao ningeweza kukipiga kwa jiwe, na mimi si mtupaji hodari. Kilikuwa kikubwa kama ghala la ngano, mviringo, rangi ya shaba iliyosuguliwa. Ndege nilizijua, maana wakati wa vita zilikuwa zikipita juu yetu. Hiki hakikuwa na mabawa, wala mlango, wala sauti. Sikuwa na jina la kukiita, na mpaka leo sina.

Joto lilitupata upande wa kushoto, sote wawili. Sikukimbia. Nikafanya jambo pekee ambalo mwili wangu ulilizoea: nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa yule ng'ombe, kama mkamuaji anavyofanya, nikafumba macho. Nilisikia moyo wake ukigonga. Hakunipiga teke. Nilipofumbua macho kile kitu kilikuwa kinapanda taratibu, kikaingia mawinguni upande wa Burnt Forest, na vyura wakaanza tena.

Kabla jua halijazama nilikuwa natapika. Uso ulivimba upande mmoja, sikio likatoka malengelenge, nyusi ya kushoto ikabaki mkononi nilipojifuta. Memsabu, mke wa Kaburu, alinipaka siagi. Dresa wa zahanati ya mjini akanipaka dawa ya zambarau, akauliza kama nilidondokea moto, na hakungoja jibu. Baadaye kucha za mkono wa kushoto zilitoka moja moja, bila maumivu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ndoo nayo lehemu ilikuwa imeyeyuka. Nilipoijaza maji yalitoka kwenye mshono wote.

Nyapara alisikiliza hadithi yangu mpaka mwisho, halafu akauliza, "Hiyo ulikunywa ni ya nani? Nataka nimtafute."

Laini nzima ilicheka. Kuanzia hapo nikawa mchezo wao. Wingu likipita chini, mtu ataita, "Mzee wa mbinguni, wageni wako wamerudi. Waambie walete sukari." Nilikuwa kijana, wananiita mzee. Nilikasirika sana. Nilimwonyesha kila mtu sikio na ndoo, nikawapeleka kuona majani ya kinamasi yaliyolala yakiwa makavu kama yamemwagiwa maji moto. Waliangalia, wakacheka, wakarudi kazini. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie, ndiyo, uliona. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka sikio lipone.

Ndugu yangu alicheka pamoja nao. Na jioni alianza kuwa na shughuli. Mara tumbo linamsumbua. Mara amekula kwa nyapara. Mara ugali wangu una mabonge, jambo ambalo halikuwahi kumzuia. Mwishowe alijinunulia sufuria yake ndogo, akasema ile yetu imezeeka. Nilimwamini. Nilikula peke yangu mlangoni, nikitazama moshi wa jiko lake.

Aliyebaki nami ni yule ng'ombe. Manyoya yake ya ubavu wa kushoto yalinyonyoka, yakaota tena meupe, kiraka kikubwa juu ya wekundu wake. Maziwa yalipungua mpaka yakakauka, hata ndama wake ikabidi alishwe kwa mama mwingine. Hakuna aliyenituma kwake tena, lakini nilikwenda. Baada ya kazi nilimfuata malishoni, nikaegemeza paji la uso mahali palipoota manyoya meupe. Alisimama kimya. Yeye pekee alijua kwamba sisemi uongo, na sikuhitaji kumwonyesha sikio.

Msimu uliofuata Kaburu aliamua achinjwe. Ng'ombe asiyetoa maziwa na asiyeshika mimba hana kazi shambani. Nilikwenda hadi kwenye baraza lake, kofia mkononi, nikamwomba amwache. Aliniuliza kwa nini. Nilitafuta sababu ambayo Kaburu angeielewa na sikuipata, nikasema tu, "Bwana, huyu ni mpole." Akanicheka kwa wema, akasema nyama yote itakuwa yetu.

Nyama ya bure. Sisi tulikuwa watu wa posho na maharagwe, na ng'ombe mzima hatukuwahi kugawiwa. Alichinjwa asubuhi, vipande vikatundikwa chini ya mikaratusi, na nyapara akaita watu waje na karai zao.

Hakuna aliyekuja. Wanawake walipita na kuni wakitazama upande mwingine. Wazee wenyeji wa pale, ambao hawakubaliani na watu wa kwetu juu ya jambo lolote, siku hiyo walikubaliana nasi bila mkutano. Maana kwao na kwetu, mnyama aliyeguswa na moto wa juu haliwi. Kaburu alikuja akasimama mbele ya nyama, akatutazama, na nilimwona akiogopa. Ilikuwa miaka ya viapo vya kuwapinga wazungu huko Kikuyuni, akadhani tumekula njama. Jioni alifunga milango mapema.

Mimi nilichukua ini. Nilijiambia kwamba nikiacha, nitakuwa nimesema yule ng'ombe alikuwa mchafu, na mimi pia. Nikalitia katika ile sufuria yetu ya zamani, nikaiweka jikoni mlangoni, harufu ikaenda laini nzima, na nikasubiri. Jua lilikuwa bado juu ya miti.

Ndugu yangu alikuja akasimama mbali kidogo. "Usikule hiyo, ndugu," akasema. "Hata wewe. Wacha tu."

"Kwa nini? Si mlisema ni pombe?"

Akaangalia chini. "Tulijua siku ile ile. Kila mtu aliona hiyo ndoo."

"Basi mlikuwa mnacheka nini?"

"Ungetaka tufanye nini? Ukicheka na mtu unaweza kukaa karibu na yeye. Tukisema ni kweli, ingebidi tukufukuze. Huku hakuna mtu wa kukutakasa."

Nikaiepua sufuria. Nilichokitaka muda wote ule nilikuwa nimekipata, na sikujua nikiweke wapi. Waliniamini wote, tangu mwanzo. Kumbe kicheko chao ndicho kilichokuwa kimenishikilia pale laini, na sasa kilikuwa kimeisha. Kweli, kuanzia siku hiyo hakuna aliyenitania tena. Niliposikia wingu likitajwa nilingoja kutukanwa, na watu walibadili mazungumzo.

Ini nikalimwaga nyuma ya kibanda, nikalifukia. Nikasugua sufuria kwa majivu, nikaisugua tena, yeye akiona. Nikapika ugali mtupu, laini kabisa, bila bonge hata moja. Nikaweka viti viwili.

"Keti tule," nikamwambia.

"Asante, ndugu," akasema. "Nimeshiba."

Tulikuwa tumekamua pamoja tangu alfajiri, na nilijua hajatia kitu kinywani.