Kipanya Kilichopakwa Mafuta ya Ng'ombe

Kila nikifungua kipanya cha kompyuta, kabla sijakitazama ndani, nakinusa. Wenzangu wa karakana hapa Himbi, mjini Goma, wanadhani ni mbinu ya ufundi, na mmoja wao ameanza kuniiga. Nimemwacha aendelee. Ukweli ni kwamba natafuta harufu moja tu, ya siagi ya ng'ombe iliyokaa, yenye ukali kidogo na moshi kidogo, na sijaipata tena ndani ya kipanya tangu nilipokuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Napata vumbi jeusi la mawe ya volkano, napata nywele, kuna siku nilipata mende mzima. Siagi, hapana.

Sisi tulioshuka kutoka vilima vya Masisi, siagi hiyo tunaiita mavuta tu, na anayesikia anaelewa. Mama aliiweka katika kibuyu kidogo chenye kifuniko cha mti, juu ya kabati, na ilikuwa na kazi nyingi kuliko mtu yeyote nyumbani. Ilipakwa kwenye visigino vilivyopasuka, kwenye kifua cha mwenye kikohozi, kwenye ngozi ya kiatu cha Jumapili. Mtoto mchanga alipakwa mwili mzima kabla ya kuonyeshwa wageni. Papa, baba yangu, alijipaka usoni na mikononi kila asubuhi, akang'aa, ndipo akatoka kusukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobebeshwa magunia ya viazi na makaa. Ng'ombe wenyewe tulikuwa tumewaacha tulipokimbia vita. Tulipanga nyumba ya mbao upande wa Munigi, juu ya mawe meusi, na siagi ilitufikia kupitia rafiki wa Papa aliyekuwa akishuka kutoka huko na mikebe ya maziwa.

Sweta yangu ya shule ilinuka siagi hiyo. Mimi sikujua, mpaka darasa zima lilipokwisha kujua. Wakaniita Mavuta. Nikiingia darasani, mmoja anajifuta mikono kwenye kaptula, mwingine anauliza maharagwe ya kuungwa yako wapi. Niliifua sweta ile mpaka ikapoteza rangi, nikaianika juu ya mawe kwenye jua kali, na harufu haikwenda popote.

Sasa, shule yetu ilikuwa imepewa kompyuta kuukuu na ofisi moja iliyokuwa ikihama. Mwalimu wetu aliziwekea mfumo wa Linux, kwa sababu, alisema, zingebaki vile zilivyokuja, virusi vya flashi za watu vingezimaliza upesi. Siku ya wazazi ilipokaribia, alinichagua mimi kusoma maneno ya kukaribisha wageni. Si kwenye karatasi. Ningesoma kwenye skrini, nimesimama, kipanya mkononi, nikiteremsha maandishi kwa lile gurudumu dogo la katikati, ili wazazi waone watoto wao wamefika wapi. Nyinyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu ilikuwa nafasi ya kupata jina lingine. Nilijiambia nikimaliza kusoma vizuri mbele ya watu wote wale, hakuna atakayeniita Mavuta tena.

Tatizo likawa gurudumu. Nikilizungusha kushuka, ukurasa unashuka kidogo, halafu unaruka kupanda ulikotoka. Mwalimu alizima mashine na kuiwasha. Akachomeka kipanya kwenye tundu lingine. Akaazima kile cha mkurugenzi wa shule, ambaye hakupenda vitu vyake vitembee, na hicho kikafanya kazi bila shida, kikarudishwa haraka. Mwishowe alifungua dirisha jeusi, akaandika amri, na kila nilipozungusha gurudumu skrini ikatoa namba. Tano ilikuwa kushuka, nne ilikuwa kupanda. Nilizungusha kushuka tu, taratibu, na katikati ya zile tano zikajitokeza nne.

"Unaona? Linux haina kosa," alisema Mwalimu. "Inaandika tu kile suri inaiambia. Suri njo inadanganya."

Suri ndiyo kipanya, kwa Kifaransa chetu cha Goma, na njo yetu ndiyo 'ndiyo' yenu. Alisema ni vumbi lililoingia ndani, kisha akanitazama. "Papa yako anatengenezaka magurudumu ya chukudu, hapana? Umupelekee. Apulize mule ndani, basi."

Papa alikipokea kwa mikono miwili kama anapewa kifaranga. Alilegeza parafujo kwa ncha ya kisu, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi, kwa maana vumbi la kwetu ni mawe yaliyosagika. Kisha akazungusha gurudumu kwa kidole, akatega sikio. Lililia, sauti ndogo ya ukavu.

"Inakauka," alisema. "Hii inakosa mavuta."

Nilimletea chupa ya mafuta ya injini aliyokuwa akitia kwenye chukudu. Akatikisa kichwa.

"Ile ni ya chukudu. Hii, mukono wa mutoto njo itaishika." Akamwomba Mama kibuyu.

Kwetu kitu cha kugusa ngozi ya mtoto hupakwa mavuta, wala hakuna la kujadili. Aliipaka siagi gurudumu lote, pembeni na ndani, kwa uvumilivu, akilizungusha mpaka likanyamaza. Likawa laini kabisa. Nami, mwanafunzi wa kompyuta niliyejua amri za dirisha jeusi, niliona kazi imekwisha vizuri na nikamshukuru.

Siku yenyewe hatukupata nafasi ya kukijaribu, maana jenereta iliwashwa wageni walipokwisha kuketi. Papa alikuwa safu ya mbele, kofia juu ya magoti, uso uking'aa. Nilianza kusoma. Sauti yangu ilitoka nzuri, nakumbuka hivyo, na kwa mistari ile ya kwanza hata wale walioicheka sweta yangu walikuwa kimya. Nikafika chini ya skrini, nikazungusha gurudumu. Likazunguka laini, bila sauti, na ukurasa haukusogea hata kidogo. Nikazungusha tena. Nikarudia mstari wa mwisho, kana kwamba ulikuwa muhimu sana, nikazungusha tena. Chumba kilikuwa kimejaa watu na joto lao, siagi ikaanza kuyeyuka, ikanitoka katikati ya vidole. Harufu ikafuata. Nilisikia nyuma mtu akisema polepole, "Mavuta."

Mwalimu alikuja, akakifungua kipanya pale pale mbele ya watu, akakuta siagi imefunika kihisio kinachosoma gurudumu, akabaki amekishika mbali na shati lake. "Nani alitia mavuta humu?" Hakuuliza kwa ubaya. Alishangaa tu.

Papa akasimama. "Ni miye, Mwalimu. Ilikuwa inakauka. Nikaipakaa kidogo, kama vile tunapakaaka mutoto."

Chumba kizima kikacheka. Walicheka watoto, wakacheka wazazi, mama mmoja akajifuta machozi kwa kitenge. Papa naye akacheka, akaketi, akaweka kofia magotini. Mimi niliomba ardhi ipasuke inimeze, na kwa mtu wa Goma hilo si ombi la kuchezea.

Mwalimu alinyoosha mkono akabonyeza mshale kwenye kibodi. Maandishi yakashuka. Mshale ule ulikuwepo siku zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeufikiria. Nilimaliza kusoma akinibonyezea, lakini sijui nani alisikiliza.

Tuliporudi nyumbani nilitangulia, Papa nyuma. "Mama," aliniita, ndivyo alivyoniita siku zote, "umesoma muzuri." Sikugeuka. Nilimwonea aibu, na leo bado naona aibu kulisema hilo. Niliuonea aibu ule uso unaong'aa, ile harufu, na zaidi ya vyote kile kicheko chake. Nilidhani hakuelewa kwamba wanamcheka yeye.

Jumapili iliyofuata Papa alitoka chumbani kwenda kanisani akinukia maua. Alikuwa amenunua kopo la vaselini dukani. Mama alimnyooshea kibuyu. "Na mavuta?"

"Tia mu maharagi," alijibu Papa. "Tuko mu ville sasa."

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi sana. Nilidhani mji umemwingia hatimaye. Mavuta yakahamia jikoni, sweta yangu ikapoteza harufu polepole, na wale watoto wakapata mwingine wa kumpa jina. Papa hakujipaka siagi tena, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka huu nimejifungua mtoto wangu wa kwanza. Papa amekuwa mzee, chukudu ameiacha. Alipokuja kumwona mjukuu, nilikuwa nimekwisha kununua chupa ya siagi kwa mama mmoja anayetoka Masisi. Nikaiweka mbele yake, nikamlaza mtoto magotini pake. "Papa, umupakae."

Aliitazama chupa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kopo jipya la vaselini. "Hii njo muzuri. Inanukia maua." Nikamwambia hapana, nataka ile yetu. Akamfunika mtoto miguu vizuri, akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Ile watamucheka ku masomo."

Kumbe alisikia. Alisikia kila kicheko, na alicheka nao ili nisibaki nimechekwa peke yangu, kisha akaenda dukani akanunua harufu ya watu wengine, akaivaa miaka yote hii. Mimi nilidhani aibu ya siku ile ilikuwa yangu. Yeye ndiye aliyerudi nayo nyumbani, na nilikuwa nimemtangulia njiani, sikumwona akiibeba.

Nilifungua chupa mwenyewe, nikamshika mkono. Harufu ikajaa chumba. "Pakaa, Papa," nilimwambia. "Tuko kwetu."

Akakubali. Lakini kabla ya kuchovya kidole, aligeuka kwanza akatazama mlango, kama kuna mtu anakuja.